Kitufe cha Kijivu

SEHEMU YA TANO

Wiki iliyopita niliwaacha mezani kwa baba mkwe wangu. Funguo zake zilikuwa zimetupwa katikati ya vikombe, na macho yake yalikuwa yamemganda binti yake. "Nyumba hii ina mdomo unaovuja," alisema. Wifi yangu hakujibu neno. Alichukua mkoba wake, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mdomo uliovuja ulikuwa wangu. Nilibaki nimekaa, nikikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Kwa aliyechelewa kuanza kunisoma, nitaeleza kwa ufupi.

Mimi ni mwandishi wa historia katika kampuni inayotengeneza michezo ya kompyuta. Mchezo wetu unaanza siku Dola Kongwe inapoanguka. Ramani imevunjika vipande vipande, na mchezaji huchagua kipande kimoja akijenge mpaka kiwe taifa. Anaweza kuiteka ramani nzima kwa upanga. Lakini asipokuwa na haki ya urithi ataitwa mvamizi mpaka mwisho, na miji aliyoiteka itamwasi kila mara atakapoyumba. Mwenye haki hupewa kitufe kilichoandikwa "Dai Urithi". Akikibonyeza, huvaa jina la dola ya zamani, bendera yake na mipaka yake, na majirani hulazimika kuapa au kupigana.

Kitufe hicho ndicho kazi yangu. Mimi ndiye niliyeamua nani anacho na nani hana.

Nyumba mbili tu zinatokana na mfalme wa mwisho: Nyumba ya Mlimani na Nyumba ya Bondeni. Hizo hatukuzibuni. Vitukuu wao wapo, wanapanga foleni benki kama watu wengine, na baba mkwe wangu ndiye mkubwa wa Mlimani. Mwanzoni nilizipa nyumba zote mbili haki. Mchezo ukaenda segemnege. Nyumba hizo zilirukiana shingoni tangu mwanzo, zikamalizana, na madola ya pembeni yakaigawana ramani kabla mchezaji hajajenga hata ghala. Msanifu wetu, ambaye sote tunamwita Mizani kwa kuwa kazi yake ni kusawazisha nguvu za wachezaji, aliniita pembeni. "Chagua mmoja," alisema. "Mwingine mfungie, na umpe sababu."

Hiyo ndiyo kanuni ya ofisini kwetu. Kitufe kilichofungwa hugeuka kijivu, na kila kitufe cha kijivu lazima kiseme kwa nini kimefungwa. Mchezaji akikigusa, kisanduku kidogo hufunguka na sababu husomeka.

Nilihitaji sababu. Nilikuwa nayo moja, lakini haikuwa mali yangu.

Siku tulipomleta binti yetu nyumbani kutoka kituo cha kulelea watoto, ndugu wengine walichungulia kwenye shuka wakaenda zao. Baba mkwe alimpakata. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mwana wa mfalme aliyeianzisha Mlimani hakuzaliwa na malkia. Aliletwa. Malkia hakuwa na mtoto aliyeishi, mwanamke mfinyanzi akaleta mtoto mchanga, na nyumba ikafunga mlango ikamwita mwana. "Hakuna aliyeuliza," alisema. "Na huyu wetu hakuna atakayemuulizia. Siri hii anaijua binti yangu. Sasa unaijua na wewe."

Ile ilikuwa zawadi. Nami niliichukua nikaiandika katika kisanduku cha kijivu: "Nyumba ya Mlimani haiwezi kudai urithi. Damu ya mfalme ilikatika. Aliyefuata alikuwa mtoto wa kuokota."

Niliandika "wa kuokota" kwa sababu wachezaji hupenda maneno makali. Nilijiambia kwamba ni maandishi ya muda, na kwamba nitayabadilisha kabla mchezo haujatoka. Mchezo ukatoka.

Watu wa Bondeni wakaisoma sentensi ile. Sasa wanasema baba mkwe hana haki ya kushika funguo za Jumba Kongwe, makao ya mfalme huyo wa zamani, alilolitunza tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nyumba mbili zimekubaliana kukutana Jumamosi ili kuamua. Baba mkwe aliponiuliza kama sentensi ile ni yangu, nilimjibu kwamba sehemu ile iliandikwa na wenzangu, na sijui waliipata wapi. Aliniamini. Ndipo akamgeukia binti yake, ambaye humshonea nguo mke wa msemaji wa Bondeni.

Hapo ndipo tulipokuwa.

*

Asubuhi iliyofuata nilikwenda dukani kwa wifi nikiwa nimepiga moyo konde. Nilikuwa na maneno matatu tu: ni mimi, wifi. Niliyarudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini zimemjaa mdomoni. Akanionyesha kigoda kwa kidevu. Kisha akazitoa pini na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Kaa. Lakini usiikalie hiyo sketi, mwenyewe mkorofi."

"Wifi, nimekuja..."

"Umekuja kunipa pole. Imepokelewa. Leo nimeshapata pole tano na mteja mmoja. Pole zingekuwa zinavalika, ningefunga duka."

"Baba amekukosea."

"Baba ana hasira. Hasira zake nazijua. Huanza kwa kishindo, halafu zinamwangukia mwenyewe."

"Kwa nini hukujitetea?"

Aliunyoosha mshono kwa kiganja kabla ya kunijibu. "Ningesema nini? Baba siri ile aliwaambia watu wawili. Nikisema si mimi, nimeshamtaja wa pili."

Nilikisogeza kigoda karibu naye.

"Wifi," nilisema.

"Subiri kwanza. Nikuulize wewe msomi. Lile neno umeliona? Kuokota?"

"Nimeliona."

"Baba hajawahi kulitumia. Tangu nikiwa msichana mdogo yeye husema aliletwa. Aliletwa, aliletwa, kila mara. Sasa huyo aliyeandika amelitoa wapi neno la jalalani?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na vipande vya uzi wa rangi zote, na mguu wake ukivisogeza taratibu upande mmoja.

"Sijui," nilisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda na maneno matatu ya kweli, nikaacha pale neno moja la uongo.

Wifi alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko jibu langu lilivyostahili. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kawaida kabisa.

"Chiriku hajambo?"

"Hajambo."

"Yule mtoto na babu yake, mh. Ukiwatenganisha wataugua wote wawili."

"Kweli."

"Basi."

Akarudisha pini mdomoni. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa mtu mwenye pini mdomoni haulizwi kitu.

*

Chiriku ni binti yetu. Jina hilo alipewa na babu yake kwa ajili ya wingi wa maneno. Anajua kwamba hakutoka tumboni mwangu. Tulimwambia mapema, naye aliipokea habari hiyo kama anavyopokea habari ya mvua: aliuliza kama itaathiri safari, akaendelea kucheza.

Jioni hiyo nilimkuta sebuleni mbele ya kompyuta. Baba yake alikuwa kando yake, akisugua bisibisi zake kwa kitambaa. Mume wangu ni fundi wa lifti, na anaamini hakuna kitu kisichofunguka. Siri ya Mlimani yeye hakuwahi kuambiwa. Baba mkwe alishikilia kwamba wanaume wa nyumba ile hawajui kunyamaza.

"Mama, gemu yenu ina kasoro," alisema Chiriku.

"Kasoro gani?"

"Nimechukua Mlimani, ya Babu. Nimeteka miji yote. Bondeni nimemfuta mpaka namwonea huruma. Lakini kitufe changu hakibonyezeki."

"Labda uhalali wako haujafika mia."

"Umefika. Umejaa. Tazama mwenyewe."

Akakigusa kitufe. Kisanduku kikafunguka. Akasoma kwa sauti, polepole, kama walivyofundishwa shuleni, na akapumzika vizuri kwenye kila nukta.

Kitambaa cha mume wangu kikatulia juu ya bisibisi.

"Wa kuokota ni kama mimi?"

"Wewe hukuokotwa," alisema baba yake. "Wewe tulikufuata kwa teksi, mvua inanyesha, na mama yako alikuwa amevaa viatu visivyofanana."

"Najua. Kimoja cha kahawia." Aliipenda hadithi hiyo. "Lakini na huyu labda walimfuata. Sasa kama ameshakuwa mtoto wao, kwa nini asirithi?"

Baba yake aliigeuza bisibisi mkononi.

"Mama, nani aliamua?"

"Watu wa kazini."

"Waambie wamekosea."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Kesho."

Aliridhika, akaanza vita upya. Baba yake hakuridhika. Alinifuata jikoni akasimama mlangoni, bado ameshika bisibisi.

"Watu gani wa kazini?"

"Baba Chiriku, nimechoka."

"Nimeuliza kitu kidogo tu."

"Tupo wengi. Mambo yale huandikwa na wengi."

Alinitazama kama anavyoitazama lifti iliyokwama ilhali taa zote zinawaka. "Dada yangu amefungiwa mlango kwa ajili ya kitu hicho kidogo," alisema. "Ukilipata jibu, mimi nipo."

*

Kesho yake nilimkabili Mizani mezani kwake.

"Nataka sentensi ya Mlimani iondoke."

"Ipi?"

"Ya mtoto wa kuokota."

"Hiyo? Hiyo ndiyo inayopendwa. Watu wanatumiana."

"Yalikuwa maandishi ya muda."

"Uliyapaka rangi?"

Sikuyapaka. Kwetu maandishi ya muda hupakwa rangi nyekundu ili yasisahaulike, na mkaguzi hawezi kuupitisha mchezo ulio na wekundu hata wa herufi moja. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumfuata mtoto shuleni. Niliyaacha meusi. Na meusi, kwa kila mtu ofisini, maana yake ni moja: mwandishi wa historia amethibitisha.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza Mizani.

"Hakuna hati yoyote inayosema hivyo."

"Sijakuuliza hati."

"Mizani, iondoe tu. Nakuomba."

Alikuna kidevu. "Kitufe kitabaki kijivu, lakini. Nikikifungua wataanza kuumana tena, tutarudi kulekule."

"Andika sababu nyingine. Andika haijulikani."

Aliandika palepale, nami nimesimama nyuma yake: "Nyumba ya Mlimani haiwezi kudai urithi. Sababu haijulikani." Akaisoma, akacheka peke yake. "Afadhali hii. Angalau inafanana na maisha."

Sasisho likatoka kabla ya saa sita mchana. Nilishusha pumzi. Nilidhani nimezima moto.

Kumbe nilikuwa nimeupuliza. Kila sasisho letu hutoka na maelezo ya mabadiliko, na kila badiliko hutajiwa chanzo chake. Mizani ni mtu wa utaratibu. Aliandika mstari ambao sikumwomba: "Maelezo ya Nyumba ya Mlimani yameondolewa kwa ombi la mwandishi wa historia."

Simu yangu iliita nikiwa bado nausoma. Alikuwa baba mkwe. Nilipokea.

"Mwanangu," alisema. Nikamsikia akipenga kamasi. "Nimesomewa. Umewafutisha."

"Baba..."

"Umesimama kule kazini, katikati ya watu ambao hata hawatujui, ukatutetea. Peke yako. Nimewaambia hapa, mkwe wangu huyu nilipewa, sikumchagua, na ningechagua nisingempata kama yeye."

"Baba, naomba unisikilize kidogo."

"Jumamosi utasema wewe."

"Niseme nini?"

"Useme ni uzushi. Mwandishi wa historia ni wewe, wameandika wenyewe. Ukisema wewe, watafunga midomo."

"Lakini Baba, si uzushi. Ulinisimulia kwa mdomo wako, umempakata Chiriku."

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Hayo ni ya ndani ya nyumba," alisema hatimaye. "Huko nje wanataka funguo." Sauti yake ilizeeka katikati ya maneno hayo machache. "Halafu yule binti yangu asikanyage pale. Aliyoyafanya yanatosha."

"Baba, wifi hajafanya kitu."

"Una moyo mwema. Ndiyo maana nakupenda. Niletee na mjukuu wangu, akae karibu nami."

Akakata simu.

Nimewahi kutukanwa mbele za watu, na nimewahi kufukuzwa kazi, kama mnaokumbuka sehemu ya pili mnavyojua. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa sifa zile.

*

Jumamosi ikafika.

Ukumbi wa mbele wa Jumba Kongwe una kuta nene na madirisha madogo, kwa hiyo hata mchana taa huwashwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa pande mbili, na njia katikati. Mlimani walikaa kushoto, Bondeni kulia, na kila upande ulijifanya unaangalia feni ya darini, ambayo ilikuwa inagonga kitu kila inapozunguka.

Baba mkwe alikaa mbele, amevaa koti lake zito. Chiriku alikaa kando yake. Babu yake alikuwa amempa funguo azishike, naye alizitikisa taratibu juu ya magoti kama mtu anayebembeleza mtoto. Mume wangu alisimama ukutani, mikono kifuani. Alikuwa hajaniuliza tena. Ningependa angeniuliza.

Msemaji wa Bondeni huitwa Wakili. Ni kazi yake na ni jina lake la utani pia, maana hata akinunua viazi hutaka kusikia upande wa pili. Alisimama na karatasi mbili kubwa za picha.

"Ndugu zangu wa Mlimani, sisi hatukuja kugombana," alisema. "Tazameni tu. Picha hii ni ya wiki iliyopita. Kitufe kimefungwa, sababu ipo. Hii ni ya juzi. Kitufe kimefungwa vilevile, lakini sababu haijulikani. Nauliza kwa heshima: sababu iliyojulikana wiki nzima imesahaulika vipi?"

Upande wa kulia ukacheka.

"Wewe Wakili," alisema mzee mmoja wa Mlimani, "ulisomea sheria au ulisomea gemu?"

"Sheria, mzee wangu. Gemu nafundishwa na wanangu, na wananifunga kila siku."

Hapo pande zote mbili zikacheka, na kwa muda mfupi nikadhani labda jambo lile litaishia kwenye utani.

"Tuendelee," alisema Wakili. "Imeandikwa kwamba sababu ile imeondolewa kwa ombi. Kosa husahihishwa, haliombewi. Ombi la nani? La mwandishi wa historia. Na mwandishi wa historia ni mkwe wa nani?"

"Mkwe mzuri lakini," alisema shangazi mmoja wa Bondeni. "Huyo hatumkatai. Hata sisi tungempenda."

"Basi swali letu ni dogo," alisema Wakili. "Aliyeianzisha Mlimani alizaliwa, au aliokotwa? Kama alizaliwa, funguo zibaki zilipo na tutakunywa soda. Kama aliokotwa, zivuke njia hii."

Funguo ziliacha kulia. Chiriku alikuwa amezibana kwa mikono yote miwili.

Baba mkwe alisimama kwa kujisukuma kwenye mgongo wa kiti. "Mimi sina mengi," alisema. "Mkwe wangu atasema. Kazi yake ni kujua."

Nilitembea mpaka mbele. Nilijua ninachotakiwa kusema. Lilikuwa neno moja, uzushi, na lingetosha. Funguo zingebaki. Baba mkwe angelala vizuri. Na mwanangu angekuwa amemsikia mama yake akiapa mbele ya watu kwamba mtoto aliyeletwa ni aibu ya kukanushwa, na wifi yangu angebaki nje ya nyumba ya baba yake kwa kosa langu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Wifi akaingia, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, kama mtu aliyeacha mteja amesimama na pini. Baba mkwe alimwona. Taya yake ikakazika.

Ndipo nikaamua. Nitasema ni kweli, na nitasema ni mimi. Yote mawili, kwa utaratibu huo, na baada ya hapo yatakayonipata na yanipate. Nikavuta pumzi.

"Ni mimi," sauti ikasema.

Haikuwa yangu.

"Ni mimi niliyesema," alirudia wifi kule nyuma. "Nilikuwa nampima gauni mke wa Wakili, tukawa tunaongea, likanitoka. Baba alikuwa sahihi. Huyo mbele hana kosa, msimuulize kitu. Mwacheni aende na mtoto wake."

Feni iligonga, ikagonga tena.

"Mimi?" alisema mwanamke mmoja wa safu ya mbele, upande wa kulia. Alikuwa mke wa Wakili, na alikuwa amelivaa gauni lenyewe. "Uliniambia mimi?"

"Mama watoto, kaa," alisema Wakili.

"Nikae vipi, nasingiziwa? Fundi wangu, mimi na wewe tuliongea habari ya zipu. Ulisema zipu ya pembeni inanifaa, nikasema ya nyuma. Hatukuongea mfalme wala mtoto wa mfalme. Hii sentensi niliisoma kwenye simu ya mwanangu kama watu wengine wote."

"Umesahau," alisema wifi.

"Sijasahau. Na zipu yenyewe umeiweka pembeni."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele ya watu wote, mdomo wazi, pumzi ile ile kifuani.

Baba mkwe hakumgeukia binti yake. Alikuwa ananitazama mimi. Nadhani alikuwa ameanza kunitazama tangu wifi alipofungua mlango, na macho yake yalikuwa yanapiga hesabu ambayo hakutaka imalizike.

"Binti yangu namjua," alisema polepole. "Tangu mdogo, akisema uongo lazima ashike kitu. Mtazameni. Ameushika utepe."

Watu wakageuka. Wifi aliuachia utepe, lakini alikuwa amechelewa.

"Baba, yaishe," alisema. "Mtoto yupo hapo."

"Najua yupo." Hakuondoa macho kwangu. "Siri ile niliwaambia wawili. Mmoja anasema uongo ili nisimuulize wa pili. Sasa namuuliza. Mkwe wangu."

Tangu niolewe hakuwahi kuniita hivyo ana kwa ana. Siku zote nilikuwa mwanangu.

"Kabla hajakukatiza," alisema, "ulikuwa unataka kusema nini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa pale ukutani. Wakili alishusha picha zake. Wifi alinitikisia kichwa kule nyuma, kidogo sana, akiniomba nisiseme.

Na Chiriku, funguo za Jumba Kongwe zikiwa zimebanwa mapajani, alikuwa ananitazama kama alivyokitazama kile kitufe: ameshakigusa, na anangoja kisanduku kifunguke kimwambie kwa nini.